Grafu ya Jumapili

Jumatatu, 3 Februari 2025
Aibu imeanza mapema. Meneja wetu, Bi Mwelu, anataka runinga ofisini kwake ionyeshe grafu za seva. Hapa ushirikani tuna mashine moja kubwa, na programu imeigawa ikawa seva sita: moja ya mizani ya maembe, moja ya orodha ya wakulima, na kadhalika. Mwaka mzima nimemwambia kwamba nazichunguza kila siku. Uongo mtupu! Programu ya grafu hurekodi yenyewe, lakini nimeifungua leo kwa mara ya kwanza. Seva ya mizani ni nyekundu kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Mutindi, fundi mwenzangu, alichungulia akasema diski inakaribia kujaa, tuhamishe faili za zamani. Nikamtuma akatafute waya. Waya gani, hata mimi sijui.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata dawa! Grafu ya Jumapili iliyopita, siku ambayo hakuna anayepima maembe, ni safi ajabu, mistari yote sita imelala chini, kijani. Sasa runinga inaonyesha Jumapili kila siku. Tarehe tu ndiyo inayobadilika. Bi Mwelu amenisifu mbele ya Mutindi. Mutindi alitazama runinga, kisha akanitazama mimi. Sikupenda.

Jumatano, 5 Februari
Balaa. Bi Mwelu huwa anafikiri, jambo ambalo sikulipigia hesabu. Ameona seva ya mizani haijaguswa tangu asubuhi, akaamua kwamba Lavender, karani wa mizani, hafanyi kazi. Banda la mizani liko nje ya mji, kwa hiyo aliitwa, akaja kwa bodaboda. Akaapa kwamba hajakaa chini tangu asubuhi. Vidole vyake vilikuwa bado vinanata utomvu wa maembe. Akaonyeshwa runinga. Mkataba wake unaisha Ijumaa, na ameambiwa asitarajie mwingine. Ana watoto wawili kwa mamake, kijijini Ekalakala. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, rimoti mkononi. Nikasema mashine hazidanganyi. Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili, lakini ndivyo nilivyosema.

Alhamisi, 6 Februari
Lavender amepita ofisini kwangu kabla ya kazi. Angenitukana ningepumua. Badala yake alikuja kuomba ushauri. "Kaka Munyao, kwani hiyo mashine hainionangi? Ama nikuwe nikibonyeza kwa nguvu?" Nikamwambia ndiyo, abonyeze kwa nguvu. Mtu mzima mimi! Niliazimia kwenda kusema ukweli saa nane. Ilipofika saa nane nikaanza kupangusa kibodi.

Ijumaa, 7 Februari
Diski imejaa. Mizani ilizima saa nne, wakulima wakabaki juani na maembe yao. Mwenyekiti wao, Mzee Kitheka, alimpigia Bi Mwelu simu. Bi Mwelu akatazama runinga, akamjibu kwamba kila kitu ni shwari. Mzee akamwambia aje ajionee, naye akaenda nami. Tulimkuta Lavender akipima kwa mizani ya mkono na kuandika kwenye vipande vya katoni, mkulima mmoja mmoja, bila kukosea jina. Bi Mwelu akaniuliza kuhusu grafu mbele ya watu wote. Nikasema ukweli, kwa sauti ndogo. Mzee Kitheka akaniagiza niseme tena kwa Kikamba, ili akina mama walio nyuma wasikie. Nikarudia. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Lavender amepewa mkataba wa mwaka mzima. Aliponipita alitazama pembeni. Diski yenyewe Mutindi aliitengeneza kwa dakika ishirini.

Jumatatu, 10 Februari
Mutindi sasa ndiye mkuu wangu. Ameweka kengele: seva yoyote ikipita asilimia themanini ya uwezo wake, simu yangu inalia. Nimestahili. Jana kanisani nilitokwa na machozi, nikaahidi kubadilika kabisa. Leo simu imelia mara kumi na moja kabla ya chai. Mtu atafanyaje kazi hivyo? Nimeingia kwenye programu kimyakimya na kupandisha kikomo hadi asilimia mia na moja. Tangu hapo ni utulivu mtupu. Nashangaa Mutindi, na ujuzi wake wote, hakufikiria hilo.