Nyati Niliyemwona Juu ya Tengeru

Leo nimeaibika. Tena nimeaibika nikiwa juu ya mti, chini yangu kijiji kizima kimeshika mapanga.

Kwa wageni humu kwenye grupu, mimi ni Rajabu, fundi cherehani wa Levolosi hapa Arusha, umri arobaini na tatu. Baiskeli nilianza baada ya daktari kuniambia presha yangu haitaki mtu wa kukaa kitini kutwa. Kazi yangu humu ni kutafuta njia za kimya, zisizo na malori wala honi za bodaboda, halafu nawaletea. (Mlinipa cheo cha Mkuu wa Njia. Kuanzia leo nimejiuzulu.)

Asubuhi nimeswali, nimekunywa chai, nimetoka peke yangu. Nikapita Themi, nikashika barabara ya Moshi mpaka Tengeru, nikakata kushoto kupanda mlimani. Miguuni nina viatu vipya vya baiskeli, vile ambavyo soli yake inang'ata pedali. Ili mguu utoke, unazungusha kisigino kwa nje. Nyumbani nilifanya mazoezi nikiwa nimeegemea ukuta. Ilikuwa rahisi sana.

Lami ikaisha. Ukabaki udongo mwekundu, migomba pande zote, kahawa chini ya migomba, na mfereji wa maji kando ya njia. Hakuna gari, hakuna mtu. Nilikuwa nasikia mnyororo wangu tu. Nikasema moyoni, watu wangu wataipenda hii.

Kwenye njia panda nikamkuta mama wa makamo anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi na baiskeli huku?"

"Nataka nizungukie juu, nitokee upande wa pili."

Akaweka mundu chini. "Huko juu siku hizi kuna nyati anashuka kutoka msituni. Juzi amelala kwenye kahawa ya shemeji yangu. Mwaka juzi alimvunja mume wangu mguu. Tulimkuta kwenye mfereji, tukajua ameshakufa. Mpaka leo Baba Nai anatembelea fimbo."

"Poleni sana, Mama Nai."

"Tumeshapoa. Ila wewe ukimwona, usishindane naye mbio. Panda mti, upige yowe. Tutakuja."

Nikamshukuru kwa sauti ya mtu mzoefu. (Mnyama mkubwa niliyewahi kukabiliana naye ni beberu wa jirani, na alishinda.) Nikaendelea kupanda.

Sasa ule ukimya niliokuwa naufurahia ukaanza kunitisha. Jani la mgomba likidondoka, nageuka. Ndege akiruka, nageuka. Kilomita moja hivi, kwenye kona yenye mteremko mkali upande wa kulia, nikasikia tawi linavunjika ndani ya kahawa.

Nikaacha kupiga pedali.

Kikafuata kishindo. Halafu pumzi. Pumzi nzito, ya kitu kikubwa kilichochoka au kilichokasirika. Nikachungulia katikati ya mistari ya kahawa, na hapo nikamwona. Mgongo mweusi, mviringo, mpana kuliko mlango wa duka langu. Ukapanda kidogo, ukasimama. Ukapanda tena. Unakuja kwangu.

Nikataka kushuka. Mguu wa kulia ukakataa kutoka. Wa kushoto ukakataa. Mwendo umekwisha, baiskeli imesimama, na baiskeli iliyosimama haimsubiri mtu. Nikaanguka nayo mfereji­ni, mzima mzima, kama gunia. Maji yakaingia mpaka masikioni. Nilichokuwa nawaza ni Baba Nai na mfereji wake.

Sijui viatu vilitoka vipi kwenye pedali. Nilitambaa nikakumbatia kitu cha kwanza nilichokikuta, nikaanza kupanda. Ulikuwa mgomba. Nao ukainama polepole, kwa heshima zote, ukanirudisha chini. Nikainuka nikaukimbilia mparachichi. Huo nimeupanda kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo kwenye baiskeli. Nilipofika kwenye tawi la pili nikapiga yowe.

"Nyati! Nyati jamani, nisaidieni!"

Bondeni sauti ya Mama Nai ikalipokea. Sauti nyingine ikalipokea kutoka kwake. Dakika chache baadaye kengele ya kanisa ikaanza kulia, si ile ya kuita watu ibadani, bali ya haraka haraka. Nikasikia milango inafungwa na akina mama wanaita watoto ndani. Sikujua yowe la mtu mmoja linaweza kufika mbali hivyo.

Wakaja. Wanaume kama thelathini, na mapanga, mikuki, shoka. Mwenyekiti wa kitongoji akafika kwa pikipiki akiwa amempakia askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Mbele ya wote alikuwa mzee mwembamba anayechechemea, fimbo mkono mmoja, mkuki mkono wa pili. Mama Nai alikuwa anamvuta koti kwa nyuma.

"Baba Nai, rudi. Waachie vijana."

"Vijana hawamjui," akajibu, bila kugeuka. "Mimi namjua."

Akaja mpaka chini ya mti wangu, akaniangalia juu. Aliongea taratibu kabisa.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, mzee."

"Pembe umeziona?"

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipoharibu. Pembe sikuziona. Niliona mgongo tu. Lakini watu thelathini wameacha kazi zao, kengele imelia, askari amekuja na bunduki. Ningesemaje sikuziona?

"Nimeziona," nikasema.

"Kubwa?"

Nikaachia tawi nikawaonyesha kwa mikono miwili. (Nusura nidondoke. Ningedondoka tu, ingekuwa nafuu.)

Watu wakanong'ona. Mwenyekiti akauliza, "Ana ndama?"

"Nadhani kuna kitu kidogo nyuma yake."

Kusikia ndama, sura zikabadilika. Mwenyekiti akapiga simu njia ya chini ifungwe. Askari akaweka risasi. Baba Nai akampa mke wake koti lake amshikie, na Mama Nai akalikumbatia kifuani. Halafu wakaingia kwenye kahawa, hatua moja moja, wamejipanga mstari. Huko ndani kulikuwa kimya. Yule mnyama alikuwa ametulia muda wote huo, na Baba Nai akawaambia wenzake kwa sauti ya chini, "Ametulia anatusubiri."

Mimi juu nilikuwa natetemeka mpaka majani yanatikisika. Si kwa ajili yangu tena. Niliwaza yule mzee akivunjwa mguu wa pili, na mimi nimedanganya habari ya pembe.

Tawi likavunjika. Mgongo mweusi ukainuka kati ya miti. Askari akanyanyua bunduki begani. Baba Nai akainua mkono, wote wakasimama.

Nyati akakohoa.

Halafu akasema, "Ee Bwana, hiki kitu kitaniua."

Hakuna aliyesogea. Baba Nai akashusha mkuki. "Mzee Elirehema?"

Akaita tena, kwa nguvu zaidi, "Mzee Elirehema, ni wewe?"

Hapo kikatokea kichwa chenye kofia ya sufu, pembeni ya tenki la maji. Tenki jeusi la plastiki, jipya, limelala kwa ubavu. Mzee alikuwa analisukuma shambani kwake kupandisha nyumbani, kwa sababu gari lililolileta lilishindwa na utelezi. Anasukuma, anachoka, anakaa chini nyuma yake, anaanza tena. Masikio yake yamekwisha zamani. Hakusikia yowe, hakusikia kengele, hakusikia chochote.

Akawatazama watu thelathini wenye silaha, akafurahi kweli kweli.

"Mbarikiwe sana," akasema. "Nani amewaambia nahitaji msaada?"

Vichwa vyote vikageuka, vikaangalia juu ya mparachichi.

Ningeweza kuishi kule. Maparachichi yapo, maji ya mvua yapo. Mwenyekiti akaniuliza, bila hasira hata kidogo, "Pembe ziko wapi, ndugu?"

Mtu mmoja akaelekeza panga kwenye mfuniko mweusi wa tenki, ambao mzee alikuwa ameuburuta nyuma kwa kamba. "Na huyo ndiye ndama," akasema.

Sikusikia kicheko. Nilichosikia ni Mama Nai. Alikuwa ameketi chini kwenye njia, koti la mumewe usoni, analia. Nimewahi kuchekwa maishani, nimezoea. Lile la mama wa watu kulia kwa ajili ya maneno yangu ndilo lililonishusha mtini.

Nikamwendea nikiwa nadondosha maji. "Mama, nisamehe. Pembe sikuziona. Niliogopa kusema."

Akanitazama. Akatazama tope, jani la mgomba lililonasa kwenye kofia yangu ngumu, na viatu vyangu. Midomo ikaanza kumtetemeka. Nikajua analia tena, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, na hapo ndipo kijiji kizima kilipopata ruhusa.

Baba Nai peke yake hakucheka. Alinishika bega. "Umepiga yowe kwa kitu usichokijua, hilo si kosa. Siku ile mimi nilichelewa kupiga. Kosa ni pembe." Akanielekeza kwa fimbo. "Haya, sukuma."

Nimelisukuma tenki la Mzee Elirehema mpaka nyumbani kwake, mlima wote, kwa viatu vinavyoteleza na kulia kwa-kwa-kwa kila kwenye jiwe. Wanaume thelathini wakinisindikiza na mapanga kama mfungwa. Juu tumepewa mtori, ile supu nzito ya ndizi, na mimi nimepewa bakuli la kwanza. Kila aliyepita mlangoni alielezwa upya, na kila mara pembe zilikuwa zimeongezeka urefu.

Kabla sijaondoka, askari alifungua daftari lake la taarifa akaniuliza jina kamili. Nikamsihi asiandike. Akasema risasi imetoka mfukoni, lazima aandike. Nilichungulia. Penye aina ya mnyama alikuwa bado anafikiria.

Njia yenyewe ni nzuri sana, ndugu zangu, na simkatazi mtu kwenda. Ila wakiwauliza mmetoka wapi, semeni Moshi.