Matanga ya Mjomba wa Meksiko

Owen Igga alikuwa ameshavua mkanda na viatu, begi lake limeshaingia kwenye tumbo la mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege wa Juba, na tiketi ya Entebbe ameiuma kwa meno, alipoisikia sauti ya Fred, mfanyakazi wa uwanja, kutoka upande wa mizigo. Mtu mwenye akili angeziba masikio. Ndege ilikuwa pale nje, ngazi imeshawekwa, abiria wa kwanza wanapanda. Lakini Owen alikuwa na ugonjwa ambao mimi nami niliugua miaka mingi, na hauna chanjo: akisikia kitu hakina mwenyewe, miguu hugeuka kabla ya kichwa.

"Hii sanduku mimi napeleka wapi?" Fred alikuwa akilalamika. "Wenyewe hapana kuja. Kesho mimi nachoma!"

Ifahamike kwamba Owen hakuwa akisafiri kwa starehe. Mwezi uliotangulia alimuuzia Mzee Wol, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, jenereta isiyopiga kelele. Na kweli haikupiga kelele hata kidogo. Ndani yake mlikuwa na matofali mawili ya kuipa uzito, na waya uliopita chini ya ukuta mpaka kwenye jenereta ya jirani. Wiki tatu nzima Wol alialika watu waje kuisikiliza ilivyo kimya. Kisha jirani akahama na jenereta yake. Wakati huo Wol alikuwa mji wa Bor kwa shughuli ya mahari ya binti yake, na habari ikamfuata huko. Akasema atarudi Juba Jumapili. Akasema pia kwamba hasira ataiacha Bor, fimbo atakuja nayo.

Kwa hiyo Owen alikuwa na kazi moja tu duniani: asiwepo Jumapili. Na ilikuwa Jumatatu. Jumatatu ina nafasi kubwa ya kujidanganya.

Akavaa viatu, akachukua begi, akatoka kwenye foleni, akamfuata Fred. Hao wawili walikuwa wametoka mtaa mmoja Koboko, kule Uganda.

Sanduku lilikuwa la wasanii wa Meksiko waliokuwa waje Juba kwa maonyesho, wakakwama njiani kwa mambo ya viza. Ndani mlikuwa na sketi pana za rangi saba, gitaa lisilo na nyuzi, mafuvu ya udongo yanayocheka, maua ya karatasi ya rangi ya chungwa, na picha kubwa ya mwanamume mwenye masharubu na kofia pana kama sinia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeambiwa "subiri kidogo" mwaka juzi. Palikuwa na kitabu pia. Kilionyesha mji mkubwa wa Marekani wakati wa vuli ya kwao, majani ya miti yamekuwa mekundu, na maelfu wamefika kwenye tamasha la sanaa za Walatini, watu wa Meksiko na jirani zake: ngoma, vinyago, na ile meza ya marehemu ambayo kila mwanzo wa Novemba watu huijaza picha za wafu wao, mishumaa, mkate, na kinywaji alichokipenda marehemu.

Owen alizitazama picha zote. Kilichomwingia ni kimoja tu: watu wamejipanga mlangoni.

"Fred, wageni wa mashirika ya misaada hapa Juba wako wangapi?"

"Mingi sana."

"Na Ijumaa jioni wanafanya nini?"

"Wanakaa hoteli, wanaangalia mto."

"Ndugu yangu," Owen akasema, na mkono akaweka kifuani, "hao ni watu wenye njaa."

Tiketi akaibadilisha iwe ya Jumamosi asubuhi. Tamasha Ijumaa, kuruka Jumamosi, Wol Jumapili. Mpango ulikuwa safi. Mipango ya Owen ilikuwa safi siku zote. Kilichoichafua ni watu.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa Jovia, mwenye saluni pale mtaa wa Custom, mwanamke aliyeweza kusuka nywele, kupokea simu na kudanganya kwa wakati mmoja.

"Ngoma za kule unazijua?" Owen akamwuliza.

"Ssebo, bwana wangu, mimi nimecheza kila ngoma iliyolipiwa." Akaipima sketi kiunoni. "Na kwa upana huu, hata nikipiga chafya watasema nacheza."

Wakabandika matangazo kwenye mahoteli: Tamasha la Vuli la Sanaa za Kilatini, kiingilio dola, mlangoni. Uwanja wakaupata mtaa wa Hai Mauna kwa sababu ulikuwa rahisi. Kando yake alikuwepo Mama Natalina, mama wa makamo aliyekulia ukimbizini Adjumani, Uganda, anayeuza chai chini ya bati. Alhamisi mchana hema likasimama, viti vya plastiki vikapangwa, mikeka ikatandikwa. Owen mwenyewe akapanga meza kama kitabu kilivyoonyesha: picha ya mwenye masharubu katikati, mishumaa, maua, mkate, chupa ya bia. Akarudi nyuma hatua tatu, akaitazama kazi yake, akajiona msanii.

Mama Natalina akaja na birika kuuliza kama watu wa hema watahitaji chai. Akatazama hema. Akatazama viti, mikeka, mishumaa, picha. Akaweka birika chini taratibu, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe.

Hapa lazima nieleze kwa ambao hawajaishi Juba. Hema, viti vya plastiki, na picha ya mtu juu ya meza: hicho kitu hapa kina jina moja tu, bika, yaani matanga. Haulizwi mtu. Unaingia, unatoa pole, unakaa. Na yowe moja la mama mtu mzima Hai Mauna linafika mbali kuliko redio. Kabla Owen hajafunga mdomo, wanawake ishirini walikuwa wameketi kwenye mikeka wamevua viatu.

"Mama, hii si msiba!" Owen akamwambia Natalina. "Hii ni sanaa! Hakuna aliyekufa!"

Natalina akamshika mkono. "Malesh, pole mwanangu. Ndivyo tunavyosema sote siku ya kwanza."

Ijumaa wageni wa mashirika walikuja kweli, magari manane. Jovia alikuwa mlangoni na sketi yake na kisanduku cha dola. Wageni wakaona wanawake mia wanalia na wazee wameinamisha vichwa. Mmoja akasema hajawahi kuona maonyesho yenye uhai namna ile. Dereva wake akamnong'oneza, na yule mgeni akawa mwekundu kuliko majani ya kitabuni. Wakavua kofia, wakampa Jovia pole, wakaondoka kwa ncha za vidole. Kiingilio cha msibani bado hakijavumbuliwa. Owen ndiye aliyekaribia.

"Tumekwisha," Owen akasema.

"Acha kukataa msiba, ssebo. Njoo nyuma ya hema," Jovia akasema.

Nyuma ya hema palikuwa na sukari magunia manne, unga, mafuta, majani ya chai, na watu bado wanaleta. Msibani huendi mikono mitupu. Owen akahisi ule ugonjwa wake unapanda kutoka miguuni.

"Marehemu ni nani wangu?" akauliza.

"Mjomba. Mjomba haulizwi maswali."

Owen akaenda kukaa kwenye mkeka, akalia vizuri sana. Lakini Jovia alikosea, mjomba aliulizwa. Mzee Cirillo, katekista wa mtaa, alijisogeza na fimbo yake.

"Marehemu mbona mwekundu?"

"Alikuwa mtu wa Meksiko, mzee. Alimlea mama yangu pale misheni, ndiyo tukamwita mjomba."

"Padri?"

"Karibu awe. Kulikuwa na msichana."

Cirillo akaitikia kama mtu anayejua habari za aina hiyo. Akaitazama picha muda mrefu. "Masharubu haya," akasema, "ni ya mwalimu wangu mkuu kule kambi ya wakimbizi. Tulimzika asubuhi, mchana tukakimbia. Hakuna aliyemkalia." Akaanza kulia, kilio kidogo, kikavu. Kisha akatoa kwenye mfuko wa shati picha ndogo iliyokunjika, ya mkewe si ya mwalimu, akaiegemeza kwenye chupa ya bia.

Basi. Mlango ulikuwa umefunguka. Kufikia jioni meza ilikuwa na picha arobaini. Picha za pasipoti, za harusi zilizokatwa nusu, kitambulisho cha kambi kimoja. Mji huu umejaa watu ambao ndugu zao walifia njiani, na njiani hakuna mkeka. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya chai tu, sina aibu kusema. Nilirudi nyumbani mbio, nikaleta picha ya dada yangu.

Jumamosi asubuhi Owen aliamka, akachukua begi lake, akawaruka watu wawili waliolala mlangoni. Wote wawili wakafumbua macho.

"Ya akhui, ndugu yetu, unakwenda wapi?"

"Uwanja wa ndege. Kupokea jamaa."

"Peke yako? Mfiwa hatembei peke yake. Atajirusha mtoni."

Wakamsindikiza watano. Pale uwanjani wakamkalisha kivulini, mmoja amemshika bega la kulia, mmoja la kushoto, wakingoja naye jamaa. Ndege ya Entebbe ikajaa, ikaondoka. Owen akalia machozi ambayo hayakuwa ya kuigiza, nao wakaambiana, "Mwacheni, sasa yanatoka."

Waliporudi Hai Mauna, kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi Mzee Wol. Amewahi siku moja. Fimbo iko magotini. Kando yake amefungwa beberu mweupe mwenye ndevu.

Owen akageuka nyuma; wale watano walikuwa wamejaa njiani.

Wol akasimama, akampa mkono. "Nimesikia uko na msiba. Pole sana. Mbuzi ni wa watu kula."

"Mzee, ile maneno ya jenereta..."

"Nyamaza." Wol alisema kwa upole wa kutisha. "Mtu akiwa na msiba haongei maneno ya stima. Nitangoja mkianua matanga." Akaketi, akapokea kikombe, akatia sukari vijiko vinne.

Hapo ndipo Owen alipouelewa ulimwengu. Lile hema lililokuwa gereza lake saa moja iliyopita, sasa ndilo ngome yake. Siku ambayo mikeka ingeinuliwa, fimbo nayo ingeinuka. Na matanga ya hapa ni siku tatu; siku yenyewe ilikuwa kesho.

"Wazee wangu," akasema jioni, amesimama mbele ya meza, "mjomba alikuwa mtu wa Meksiko. Kwao matanga ni siku tisa."

Watu wakatazamana. Cirillo akapiga fimbo chini. "Novena, sala za siku tisa. Ni haki yake."

Siku tisa, mpenzi msomaji, ni rahisi kuzitaja. Watu mia wanakunywa chai mara tatu kwa siku. Siku ya nne Jovia alisema anakwenda Custom kuongeza kamba za hema, akaondoka kwa gari la mizigo na magunia mawili ya sukari na unga wote, amevaa ile sketi. Kamba hazikuonekana. Owen akabaki peke yake na ngome, na ngome inakula. Siku ya tano akauza simu. Siku ya sita akauza saa, mkanda, na begi. Siku ya saba mwenye hema akachukua viatu. Kila jioni Wol alikuwa akimtazama miguu na kusema, "Huyu anaomboleza kikweli. Mimi sijafanyia hata babangu hivi," na kuomba sukari.

Asubuhi ya siku ya tisa Owen alimwendea Mama Natalina jikoni. Birika lilikuwa linachemka maji matupu.

"Mama, tuseme siku kumi na mbili. Nikopeshe sukari kidogo."

"Mjomba wako ametosha, mwanangu."

Owen akachuchumaa. Tangu nimjue hakuwahi kusema ukweli bila kulazimishwa, kwa hiyo ulitoka umepinda. "Mama... yule si mjomba wangu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipoweka birika chini. Chini ya ile picha kulikuwa bado na karatasi ya uwanja wa ndege." Alikuwa anakoroga maji, kwa mazoea tu. "Mama yangu alikufa barabara ya Nimule, tukikimbilia Uganda, mimi nina miaka kumi na moja. Tulimfunika majani. Watu hawakukaa hata kidogo, risasi zilikuwa nyuma. Miaka yote nasema nitamwekea bika, na hema ni ghali. Siku ile nikaona hema zuri, viti, mishumaa, na hakuna mwenyewe." Akamtazama. "Nikalia. Umemfanyia siku tisa. Mungu akupe."

Owen akapunguza moto chini ya birika.

"Amka, tuinue mikeka," Natalina akasema. "Mzee wako anangoja."

Wakainua mikeka. Cirillo akasali. Kila mtu akachukua picha yake. Wol akangoja mpaka kiti cha mwisho kilipopangwa juu ya mwenzake, akakung'uta kanzu, akamshika Owen bega kama mzazi.

"Basi, pole tena na msiba," akasema. "Sasa, jenereta."

Jovia ana saluni mbili pale Custom, na ya pili inaitwa Meksiko. Fred bado yuko kwenye mizigo; sanduku lisilo na mwenyewe hulichoma siku ileile. Mzee Cirillo anawasimulia watoto wa katekesimu habari za padri wa Meksiko ambaye karibu awe padri. Picha yenye masharubu iko ukutani kwa Mama Natalina, na wateja wapya humpa pole. Picha ya dada yangu ina doa la chai. Fimbo haikutumika, Wol alisema si vizuri kumpiga mtu aliyetoka msibani. Alinunua jenereta nyingine, kuukuu, ya kuzungushwa kwa mkono, akaiweka uani, na kando yake akaweka kitanda cha Owen, alipe deni kwa mikono. Kila jioni saa kumi na mbili Owen huizungusha mpaka iwake.

Inapiga kelele.