Tableti Iliyosema Kifuani Mwangu

Jumatatu, 3 Machi
Miaka sita niko bekari hii ya Bondeni. Leo Mama Waithera, mwenye bekari, ameleta mfanyakazi mpya: Edinah, wa Kaptembwo. Ana ulemavu wa akili, na akipewa maagizo mengi kwa mpigo anachanganyikiwa. Majaribio wiki moja. Amekuja na tableti inayomwonyesha picha ya kila hatua, na sauti yake mwenyewe, aliyoirekodi, inamwambia kinachofuata. Mikate yake imetoka sawasawa. Mkate wangu, Mama aliuonja, akaenda kutafuta chumvi. Cheo cha msimamizi nakingoja tangu mwaka juzi. Lazima nichukue hatua.

Jumatano, 5 Machi
Nimechukua hatua. Tableti nikaificha ndani ya koti, koti nikalivaa. Edinah akatafuta kila mahali, hadi chini ya magunia ya unga. Mikate arobaini iko kwa oveni. Akaniuliza kama nimeiona. Nikasema labda iko stoo. Nilijisikia vibaya. Kidogo.

Mara kifua changu kikasema, kwa sauti ya Edinah, "Edinah, toa mikate sasa."

Bekari nzima ikanigeukia. Kifua kikarudia. Edinah akavaa glavu, akatoa mikate yote. Hakuna hata mmoja ulioungua. Kisha akanyoosha mkono, nikamrudishia.

Alhamisi, 6 Machi
Mama alitaka kunifuta kazi. Edinah akamwambia, "Mwache, Mama. Hajui kuomba msaada. Hata mimi sikujua, nikafundishwa."

Adhabu: kuosha trei wiki mbili. Mchana Edinah akanipiga picha nikiwa nimeshika kopo la chumvi, akaibandika juu ya meza yangu. Eti ni hatua yangu ya tatu, baada ya unga na hamira.

Ijumaa, 7 Machi
Mkate wangu una chumvi. Mteja aliyekuwa akielekea Gilgil alikula kipande hapo mlangoni, akarudi kununua mwingine. Edinah ameandikwa kazi ya kudumu. Alimpigia dadake simu akicheka na kulia pamoja. Nilipiga makofi, na kwa dhati.

Halafu nikafikiri. Nisingeificha, nani angejua kuwa tableti hiyo inasikika hata ndani ya koti? Nimeandika barua ya kuomba cheo cha Msimamizi wa Teknolojia. Sahihi ya Mama nimeiweka mwenyewe, nisimsumbue.