Viwavi Waliogoma Kula

Jumatatu, 7 Oktoba

Mkuu wa shule, Mwalimu Majaliwa, katangaza. Kila mwalimu wa sayansi anapewa viwavi kwenye boksi la chaki. Atakayewanenepesha vizuri hadi maonyesho ya Jumanne ijayo, na kueleza kitaalamu, ndiye mkuu wa idara. Na mkuu wa idara anapewa nyumba yenye kisima. Kisima! Newala hii, Oktoba hii! Mke wangu Ethel amechoka kukimbizana na mkokoteni wa maji. Mpinzani ni mmoja, Madam Loveness wa Kemia.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimesoma kwenye simu: homoni ndizo zinazoamrisha seli shina za utumbo wa kiwavi zigawanyike. Utumbo ukikua, mlo unakua. Kumbe rahisi. Nikaenda duka la pembejeo kwa Bwanali, nikaomba homoni za viwavi. Akauliza kama ni za kuwaua. Nikasema za kuwanenepesha. Akawaita wakulima wa korosho waliokuwa nje waje wasikie wenyewe. Nimetoka na vitamini ya kuku.

Majani ya mkorosho ya kuwalisha yalikuwa na salfa, ile dawa ya ukungu, nikayaosha kwa ndoo ya mwisho ya maji. Ethel alichukua ndoo tupu, akatoka kuusubiri mkokoteni.

Jumatano, 9 Oktoba

Balaa. Viwavi wangu hawali. Wamenyanyua vichwa tu, kama wanakwaya wanaongoja kinanda. Wa Loveness wanatafuna hadi nasikia. Nyumba inaondoka hivi hivi.

Wakati wa chai ya saa nne, wenzangu wakiwa kwenye maandazi, nikabadilisha. Wake kwangu, wangu kwake. Kwa haraka zangu, kiwavi mmoja akaniingia kwenye mkono wa shati. Nilifundisha kipindi kizima naye humo.

Jumanne, 15 Oktoba

Aibu. Wangu, yaani wake, wamegeuka pupa wote, wamejifunga ndani ya maganda. Mkuu aliuliza kama nimeleta mbegu. Wake, yaani wangu, wamejivua gamba na kunenepa kama kidole gumba.

Loveness akawaeleza wageni. Kiwavi akikaribia kujivua gamba, homoni humwachisha kula, na ndani seli shina zinajenga utumbo mkubwa zaidi. Aliwakuta wamenyamaza ghafla, akawaacha. Basi. Kuacha tu ndiyo utaalamu! Wakampigia makofi, nami nikapiga, ningefanyaje.

Ethel alirudi na ndoo tupu. Iliniuma kweli.

Alhamisi, 17 Oktoba

Loveness kahamia kwenye nyumba yenye kisima. Jioni alimwambia Ethel, “Mama Huruma, njoo uchote, kisima si cha kunywa peke yangu.” Ethel alifurahi mpaka akaimba jikoni. Kaniambia nisije nikamuudhi yule dada.

Mkuu naye kanihurumia. Tumegawiwa viwavi wapya, mimi na Loveness, tuwapeleke kwenye maonyesho ya Masasi wiki ijayo. Lakini tangu asubuhi wangu hawali. Vichwa juu. Najua, najua, seli shina. Wale wa kwanza walikuwa wanajenga utumbo, sikatai. Hawa nimewaangalia vizuri, wanaumwa kabisa.

Boksi la Loveness liko barazani kwake. Yeye yuko mazoezi ya kwaya. Ethel kanituma nikachote maji, nimebeba ndoo mbili. Moja ina viwavi.