Vitambaa Kumi na Vinne

Jumapili, 23 Oktoba

Baada ya misa Rozalija kanisimamisha mlangoni mwa kanisa. Anakwenda kwa bintiye mjini Maribor, atarudi Jumapili ijayo. Je, shemeji Ignac atamlishia kuku? Shemeji Ignac! Si Škrabec, mimi! Nikamjibu kwa utulivu kwamba nitaangalia ratiba yangu. Nimestaafu ustesheni masta miaka sita sasa. Ratiba yangu haina kitu.

Akanipa ufunguo wa nyumba. Akasema nifanye lolote ila nisiguse kabati la bunduki la Feliks, niliache kama lilivyo. Nikaapa.

Kwa kumbukumbu: Feliks Ogrin, mumewe, rafiki yangu. Tumewinda pamoja miaka thelathini na moja. Kafariki tarehe 2 mwezi huu, usingizini, bila hata kuumwa. Mjane hana kibali cha silaha, kwa hiyo bunduki lazima ipate mtu katika chama chetu cha wawindaji. Tarehe 3 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Hubert, msimamizi wa wawindaji, itapigwa mara moja juu ya kaburi. Atakayeipiga ndiye ataichukua, na Rozalija atamtaja Jumapili ijayo. Tumebaki wawili. Mimi, na Tine Škrabec, fundi matrekta, mtu anayesafisha mtutu wake mara moja kwa mwaka, tena kwa kuingizia ufito mdomoni, kule risasi inakotokea. Mdomoni! Ukishaukwaruza mdomo wa mtutu, risasi haiendi tena unakoituma. Mtu wa hivyo apewe bunduki ya Feliks? Labda niwe nimekufa na mimi.

Jumatatu, 24 Oktoba

Kuku wamekula saa moja na dakika kumi asubuhi.

Rozalija kasema kabati lisiguswe. Kabati. Kuhusu kilichomo ndani hakusema neno. Nimelitafakari jambo hili kwa haki kabisa huku nikinywa kahawa. Mvua siku ya nne, ukungu hadi dirishani, nyumba haina moto. Kutu! Akirudi akute mtutu unang'aa, atauliza ni nani kafanya wema huu. Kuku hawatajibu. Nitajibu mimi.

Ufunguo wa kabati uko kwenye kopo la kahawa. Feliks hakuuhamisha tangu nchi ipate uhuru. Nimeitoa bunduki, nimeifunga kwa kitambaa cha meza, nimepita nayo bustanini.

Saa nne, jikoni kwangu. Nimehakikisha haina risasi. Nimehakikisha tena. Nimechomoa komeo lake, nimeuelekeza mtutu dirishani nichungulie. Mungu wangu! Masizi matupu. Mifereji ya ndani haionekani, na harufu ya baruti imejaa. Feliks alikuwa akirudi porini anasafisha mtutu kabla hajavua buti. Miaka thelathini na moja sijaona mtutu wake ukilala mchafu. Basi si yeye aliyeipiga mara ya mwisho. Kuna mtu kaitumia marehemu akiwa kaburini. Na nani amekuwa akiingia kwa Rozalija wiki tatu hizi, eti kumpasulia kuni?

Škrabec!

Jumanne, 25 Oktoba

Nimekusanya ushahidi. Nimefuata utaratibu: kuanzia nyuma, kamwe si mdomoni. Brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia, mara kumi, taratibu, moja kwa moja hadi itokee mbele. Robo saa ya kusubiri masizi yalainike. Kisha vitambaa. Kila kimoja nimekipa namba na kukitia kwenye chupa ya jamu ya aprikoti. Namba 1 nyeusi tii. Namba 4 ina rangi ya kijani, yaani shaba ya risasi imeanza kutoka. Namba 13 nyeupe.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikakata cha 14 kwenye fulana yangu mpya, kinene, kwa heshima ya marehemu. Kimekwama katikati. Ufito hauendi mbele, haurudi nyuma. Nimeufunga kwa kamba kwenye mlango wa stoo, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mlango umetoka. Ufito umebaki.

Nimekaa sakafuni na bunduki ya Feliks mapajani. Macho yametoka machozi. Dawa hii ina harufu kali sana.

Jumatano, 26 Oktoba

Hakuna kijijini mwenye vifaa ila Škrabec. Sawa. Nitamtazama usoni mhalifu huku akinifanyia kazi. Ni mpango mzuri kuliko nilivyoukusudia.

Nimemfikia karakanani na bunduki ndani ya shuka. Nikasema ni yangu. Akafunua, akaona kitako chenye alama ya jino la mbwa wa Feliks, akanitazama. Akasema mzee Ignac, wewe huna mbwa. Nikamwambia afanye kazi yake. Kaibana bunduki, kaweka kijiti laini, kagonga mara mbili. Ufito nje. Kitambaa namba 14 nje. Mara mbili tu! Bahati.

Hakutetemeka, hakutoka jasho. Mkavu kweli! Aliuliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini: Rozalija anajua? Swali la mtu mwenye hofu. Nimeliandika hapa na saa yake, tisa na dakika ishirini.

Ijumaa, 28 Oktoba

Nimepaka mafuta, tabaka jembamba, kisha nikapitisha kitambaa kikavu. Ukichungulia unaona mifereji inazunguka hadi mwisho, safi, mwanga wote ndani. Nimechungulia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Feliks alikuwa akinipa mtutu wake nikague, nami nampa wangu, kila Jumapili, na hatukusema chochote zaidi ya "mm". Leo nimesema "mm" peke yangu jikoni.

Namkumbuka mpaka kifua kinauma. Naandika mara hii moja, yatosha.

Nimeandaa hotuba ya Jumapili. Kurasa tatu. Kesho nalirudishia kabati mali yake, na ufunguo kwenye kopo.

Jumapili, 30 Oktoba

Mkutano katika nyumba ya chama, msituni. Rozalija kashuka kwenye basi na kuja moja kwa moja, na mkate wa kokwa za jozi aliouoka kwa bintiye. Kabla hajamtaja mtu, nikaomba nafasi. Mwenyekiti akanipa dakika tano.

Nikasimama. Nikasema kuna mtu chumbani humu aliyeitumia bunduki ya marehemu. Simtaji jina. Nikamtazama Škrabec. Nikafungua chupa na kuvipanga vitambaa mezani, namba 1 hadi 14, cheusi hadi cheupe. Škrabec akasema keti, Ignac. Nakuomba, keti chini. Ana hofu! Nikaendelea.

Rozalija akasimama, akaja mezani. Akauliza polepole kama nimeisafisha. Nikasema shemeji, inang'aa! Akauliza: yote? Nikasema yote, hakuna hata chembe.

Akavuta kiti akaketi. Kisha akatusimulia, na alikuwa akikitazama kitambaa namba 1 wakati wote. Jumamosi ile Feliks karudi jioni, kapiga paa dume, kachoka. Akashika ufito ili asafishe. Rozalija akamwambia we mwanamume, chakula kinapoa, acha hiyo. Akacheka, akaiweka kabatini, akasema haya, nitaisafisha kesho. Miaka arobaini ya ndoa hajawahi kusema kesho. Asubuhi hakuamka. Ndiyo kazi pekee aliyoiacha duniani haijaisha, akasema Rozalija. Kila asubuhi nafungua kabati nanusa ile baruti. Basi. Hilo tu.

Mwenyekiti kavua kofia. Hakuna aliyegusa mkate.

Akaomba chupa. Nikavikusanya vitambaa. Nikamwambia kuanzia namba 13 havina kitu, asijibebeshe bure. Akavichukua vyote, akafunga kifuniko, akaitia chupa kwenye mkoba. Kisha akasema bunduki ichukuliwe na Tine.

Nimerudi kwa miguu kilomita sita. Škrabec alinifuata na gari, akashusha kioo, akasema panda bwana, mvua hii. Sikupanda. Sijala.

Jumanne, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Makaburini mishumaa kila mahali. Nimesimama kwa Feliks. Nimemwambia: mjinga wewe, ungeisafisha tu siku ile, tusingefika hapa. Halafu nimelia, na safari hii dawa haikuwepo.

Rozalija alifika na maua yake. Akanipa mshumaa mmoja niwashe. Akasema shemeji, najua ulimpenda. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa na maneno tayari. Nikamwambia kuku walitaga mayai kumi na tisa.

Alhamisi, 3 Novemba

Mtakatifu Hubert. Tarumbeta, matawi ya msonobari, wanachama wote kwa sare. Škrabec kapiga risasi moja juu. Mlio umekwenda hadi mlimani ukarudi. Nimesimama wima. Mtutu ulikuwa safi kabisa, kwa kazi yangu, na hakuna aliyelitaja hilo.

Baadaye nikamuuliza Škrabec ataisafisha lini. Akasema haisafishi. Rozalija kamwomba asiisafishe mpaka mwakani siku kama ya leo, ili huo mlio ubaki mtutuni. Ndiyo maana kamchagua yeye! Kwa uvivu wake! Mimi niliyeweza kusafisha vizuri kuliko wote nimeshindwa kwa sababu naweza. Nimeona giza kwa dakika nzima.

Ndipo Rozalija akaja na mfuko wa karatasi. Ndani kofia ya Feliks ya kuwindia, ile ya kijani yenye unyoya. Akasema hii ni yako, shemeji, hakuna anayeistahili zaidi. Sijaigusa tangu alipoivua. Feliks mzima yumo humu. Itunze. Na Jumapili uje nayo, tule mchana pamoja.

Nilishindwa hata kusema "mm". Mimi, si Škrabec! Njia nzima niliibeba mkononi, sikuthubutu kuivaa.

Jumamosi, 5 Novemba

Kasema niitunze. Kutunza vitu najua.

Nimeikagua kofia dirishani kwa nuru nzuri. Aibu! Ukingo wote jasho la miaka, mafuta ya nywele, tumbaku, nywele mbili tatu za mvi ndani ya utepe. Feliks, mtu msafi vile! Nimechomoa unyoya. Nimechemsha maji, nimetia sabuni ya magadi, nimeiloweka saa mbili, kisha brashi, ndani na nje, kwa utaratibu. Maji ya kwanza yametoka meusi. Ya pili kahawia. Ya nne meupe.

Imejikunja kidogo, itakaa sawa ikikauka juu ya jiko. Nimeinusa mara tatu. Haina harufu yoyote. Kesho saa sita kamili Rozalija ataiona, na Škrabec naye kaalikwa, ajue ni nani anayejua kutunza vitu vya Feliks.