Mtaalamu wa Maji ya Chini

Wataalamu walipotangaza kwamba dawa ya nguzo kutoka kiwanda cha zamani imepenya ardhini hadi kwenye maji ya visima, watu wazima pale mtaani walishika vichwa. Valence alikwenda sokoni kununua shabu ya kutuliza maji machafu.

Kiwanda hicho cha kutia dawa nguzo za umeme, pembezoni mwa mji wa Songea, kilifungwa zamani. Wenyewe waliondoka na faida, majirani wakaachiwa harufu. Waliotumwa kusafisha walichimba mashimo ya kupimia, wakasema kazi itachukua miaka, na kisima kilicho karibu na ukuta wa kiwanda kisiguswe. Valence aliwabebea mabomba kwa wiki mbili. Alipoachishwa kibarua alisahau, kwa bahati mbaya kabisa, kurudisha kofia ngumu na kizibao cha njano.

Akavaa vyote, akaenda kwa mwenye kisima hicho, Mama Kunegunda, mjane anayeishi kwa kupika komoni, pombe ya mahindi. Siku hizi alikuwa akipanda mlima mzima kuchota maji kwenye bomba la misheni. Yalitosha kunywa na kupikia ugali, si kupikia pombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kupima tena?"

"Kupima tumemaliza. Mimi ni wa kitengo cha kusafisha. Wenzangu wanavuta miaka kwa sababu ya posho. Mimi kisima nakimaliza mchana mmoja."

Suala la posho alilisema kwa uchungu wa kweli, maana yeye hakupewa. Alichotaka ni kidogo tu: pikipiki ya marehemu, iliyofunikwa turubai sebuleni. Mama Kunegunda aligeukia sebuleni. Pikipiki hiyo aliipangusa kila Jumapili akitoka kanisani. Lakini bila kisima hakuna komoni, na bila komoni hakuna kula. Akakubali.

Jumamosi majirani walijaa uani pamoja na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hironimus, na mgambo wake, Beda. Valence akamwaga shabu, akakoroga kwa mti mrefu, akataja oksijeni mara nne. Baada ya muda tope likazama na maji yakang'aa. Watu wakapiga makofi. Shabu huzamisha tope, ila na dawa ya nguzo haina ugomvi wowote. Hilo Valence alilisikia kwa wataalamu wenyewe.

"Ufunguo, mama."

Mama Kunegunda alichota ndoo kisimani, akaingia nayo jikoni, akatoka na kata imejaa maji.

"Kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mwanangu. Hata komoni yangu naionja mbele ya wateja. Haya maji umeyaleta wewe."

"Mimi leo nimefunga, mama."

"Jumamosi?" akauliza Mzee Hironimus, ambaye pia ni katekista. "Mfungo gani?"

"Nadhiri."

"Nadhiri ya kutokunywa maji uliyoyasafisha?"

Macho yote yalikuwa kwake. Valence akapokea kata, akapiga funda kubwa, na hapo akakwama. Hakumeza.

"Yana ladha gani?" akauliza mzee.

Valence akainua dole gumba.

"Baba yako anaitwa nani?"

Akaonyesha mbinguni. Huyu ndiye aliyewauzia wakulima wa Lusewa mbegu za tumbaku zisizoota, wakamshukuru na kumfungashia kuku. Leo mashavu yamevimba, machozi yanamlengalenga, na ulimi wote ule haumsaidii kitu.

Mama Kunegunda akamwonea huruma. "Meza tu, mwanangu. Hayo ni ya bomba la misheni. Ya kisimani nimeyaacha jikoni."

Valence akameza mara moja, mpaka akasikika.

"Mungu ni mwema," akasema, huku akihema. Ndipo akaona jinsi watu wanavyomtazama.

Kicheko kilianzia kwa Beda kikazunguka ua mzima. Mama Kunegunda hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kisima, na kwa kweli ilimuuma, kwa sababu alikuwa ameanza kuamini.

"Ungemeza palepale, ningekupa ufunguo," akamwambia. "Na kesho hawa wote ningewapikia kwa maji haya."

Kicheko kikakatika. Jirani mmoja akamvuta mwanawe mbali na kisima.

Ufunguo alikabidhiwa Beda. Valence akapakiwa katikati, watu watatu mshikaki, Beda akiendesha, Mzee Hironimus nyuma amemshika kizibao. Ndivyo alivyoondoka na pikipiki aliyoitaka, kuelekea polisi.