Kumtoa Mama Mkwe Mtandaoni

Kwa Mkuu wa Usalama,
Kampuni iliyotengeneza mashine yetu ya gemu.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, maana usalama ndio kazi yako. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Watu hunilipa niwazuilie wezi, kwa hiyo nisikilize kama mwenzako wa kazi.

Mke wangu alinunua mashine yenu ili mama yake, aliyehamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, apate cha kumchangamsha. Amechangamka kupita kiasi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnaingiza wageni kwangu bila hodi. Geti langu lina makomeo juu na chini, lakini mtu anayejiita Kisigino huingia sebuleni kila jioni kupitia mashine yenu, hushindana na mama mkwe mbio za magari, na humwita "malkia wa kona". Sura yake hatuijui. Mama mkwe hucheka mpaka anavua miwani.

2. Nilipojaribu kubadilisha neno la siri, mashine ilinijibu kwamba nikaombe ruhusa kwa mzazi au mlezi. Mlezi aliyesajiliwa ni mama mkwe. Nina ndevu zenye mvi, Ndugu Mkuu. Nilisimama mlangoni kwake nikaomba. Akasema atalifikiria nikishatengeneza bomba la jikoni. Nimelitengeneza. Bado anafikiria.

3. Ukaguzi wenu ni dhaifu mno. Ili kuupima, nilifungua akaunti kwenye simu yangu, nikajiita Nesi Mstaafu. Mlinipokea papo hapo bila kuniuliza hata cheti. Mama mkwe naye akanipokea. Siku moja nikiwa karakana, nikamwuliza kwa maandishi, kipelelezi, anaishije na mkwewe. Nilitarajia kusengenywa. Akaandika: "Ni mtu mwema, ila ananikwepa. Nadhani nimemjazia nyumba."

Nikazima simu. Geti la mteja siku ile nililifunga bawaba upande usio wake, likawa linafungukia ukutani.

4. Tangu hapo hali imezidi kuharibika. Nesi Mstaafu na mama mkwe wanaongea kila uchao. Amemweleza habari za marehemu mumewe ambazo hata mke wangu hazijui. Amemfundisha kukata kona. Jana alimsifu nesi huyo mezani, mbele yangu, nikaona wivu. Mtandao unaomfanya mtu amwonee wivu mtu ambaye ni yeye mwenyewe hauwezi kuitwa salama.

Hivyo naomba kila mchezaji aonyeshe jina lake kamili, picha, na uhusiano wake na anayecheza naye. Ikishindikana, fungeni mtandao kabisa, kila mtu acheze peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Nisalimie walinzi wa hapo kwenu, wapokea simu, na yule anayeandika maonyo kwa herufi nyekundu. Kazi yake naiheshimu.

Wako katika kufuli na makomeo,
Fundi Mageti

NB: Kabla sijaibandika bahasha, mashine imetangaza kwamba mmezima mtandao kwa tahadhari, na ukirudi kila mchezaji ataonyesha jina lake halisi. Mama mkwe amekaa sebuleni anaitazama skrini nyeusi. Nimemwendea nikampa pole. Akajibu, "Asante, baba," kisha akarudi kuitazama skrini, nami nikarudi kwenye barua hii. Tafadhali warudisheni watu wote, hata Kisigino. Na hilo la majina halisi, mimi na Nesi Mstaafu tunalipinga vikali.